Safu ya Mtuhumiwa

Hapo juzi, wala si zamani za kale, palikuwa na nchi iitwayo Tulivani, nchi tulivu kuliko zote, ambako hata mbwa walibweka kwa kibali. Msiitafute kwenye ramani. Mimi naisimulia kwa nia njema tu, na anayewashwa ajikune mwenyewe.

Serikali ya Tulivani iliwapenda sana wananchi wake, na akupendaye hutaka kujua unauliza nini. Basi ilifunga mashine moja kubwa mjini. Mtu akitaka kufungua ukurasa wowote kwenye simu yake, simu huiuliza kwanza mashine ile: jina hili linakaa wapi? Mashine hutoa namba, simu ikaenda. Na kama jina halimo kwenye kitabu cha majina ya taifa, mashine hujibu maneno matatu tu: Jina hilo halipo.

Kila swali liliandikwa. Nani kauliza, kauliza nini, kajibiwa nini, saa ngapi. Na kwa kuwa jambo jema halifanywi mara moja, liliandikwa mara tatu, katika idara tatu ambazo wakuu wake walikuwa hawaamkiani: Idara ya Usikivu, Idara ya Mipaka na Idara ya Maadili.

Katika Idara ya Usikivu alikuwepo karani mmoja, Bi. Sikudhani Mkwizu. Kazi yake ilikuwa kuandika vichwa vya safu, yaani lile neno moja linalokaa juu ya kila safu ya daftari kueleza kilichomo chini. Kazi ndogo, mtasema. Haya, ngojeni.

Bi. Sikudhani alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Chande, fundi wa majokofu, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Miezi kumi na moja nyuma Chande alitoka kwenda Posta, kwenye chumba cha kompyuta za kukodi, akachapishe mchoro wa jokofu la mteja. Hakurudi. Dada mtu akaenda polisi. Karani wa dirishani akafungua kitabu, akapitisha kidole taratibu, akamtazama kwa huruma.

"Chande Mkwizu? Jina hilo halipo, mama."

Akaenda gerezani: jina hilo halipo. Hospitali: halipo. Akaenda hata shule aliyosoma Chande, na mwalimu mkuu, mtu aliyewahi kumchapa Chande kwa mikono yake miwili, akatazama chini na kusema halipo. Hapo ndipo Bi. Sikudhani alipokaa kitako kwenye vumbi la uwanja wa shule na kulia kama mtoto.

Lakini kazi hakuacha. Majirani walimsema: mwanamke gani huyu, anakula mshahara wa waliomchukua nduguye? Yeye aliona kwamba chatu akimmeza ndugu yako, heri ukae karibu na mdomo.

*

Siku moja Kiongozi Mpendwa aliuliza taifa lake limeuliza maswali mangapi mwaka ule, akapewa hesabu tatu. Akakasirika. Ikatoka amri: daftari liwe moja, vichwa viwe vimoja. Ikaundwa Kamati ya Vichwa, mwenyekiti wake Mheshimiwa Profesa Mhandisi Kalumbeta, na karani wake, kwa kuwa ndiye aliyejua kazi, Bi. Sikudhani.

Ugomvi ulikuwa kwenye safu ya kwanza, ya yule aliyeuliza. Usikivu walimwita Mwulizaji. Mipaka walimwita Chanzo. Maadili, wao tangu mwanzo, walimwita Mtuhumiwa. Wiki saba zilikwisha hapo, na maandazi magunia kwa magunia, hadi Mheshimiwa Kalumbeta aliposimama, akafunga kifungo cha koti, akakohoa.

"Ndugu wajumbe! Neno Mwulizaji lina upungufu: linamwacha mtu bila hatia. Neno Chanzo nalo lina upungufu: hata mto una chanzo, na mto hatuwezi kuukamata. Neno Mtuhumiwa, ndugu zangu, ndilo pekee linalomkumbatia kila mwananchi bila ubaguzi wa dini, kabila wala umri!"

Makofi yakapigwa mpaka vikombe vikacheza mezani. Mjumbe wa Usikivu alilia kwa furaha, au kwa jambo lingine, mimi sikuwa moyoni mwake.

Ikaja safu ya wakati. Idara zote tatu zilikuwa zimeiita Saa. Haikuchukua hata dakika.

"Safu hii imejisawazisha yenyewe," alisema Mwenyekiti. "Saa ni saa. Tusonge mbele."

Bi. Sikudhani akainua mkono. "Samahani, Mheshimiwa. Kichwa kinafanana, ila hatujatazama kilichomo chini yake."

"Bi. Sikudhani," Mwenyekiti akamjibu kwa upole wa mtu aliyeshiba, "sisi ni Kamati ya Vichwa. Miguu itaundiwa kamati yake."

Wakacheka wote. Naye akacheka, kwani Tulivani mwenyekiti akicheka unacheka.

*

Siku madaftari matatu yalipounganishwa, Bi. Sikudhani aliachwa peke yake ofisini ayahakiki. Ilikuwa asubuhi nyeupe, jua linaingia dirishani, mafundi wa rangi wanapiga mluzi nje. Akasoma mistari: watu wanauliza bei ya mabati, matokeo ya mitihani, dawa ya mba. Kisha akaona neno lililomfanya aweke kalamu chini.

Swali: kwadada. Jibu: jina hilo halipo.

Mtu mwingine angepita tu. Lakini dunia nzima ilikuwa na watu wawili waliolijua jina lile. Kwadada lilikuwa jina la kisanduku cha mtandao nyumbani kwake, kile chenye taa ya kijani juu ya kabati la vyombo. Chande ndiye aliyekifunga, akakipa jina kwa utani, akaifundisha simu yake, kama vijana wengi wa mji walivyofanya, ikitafute kisanduku hicho popote itakapokuwa na kudondosha humo kila anachosema. "Hata ukizima simu yako, dada," alimwambia, "maneno yangu utayakuta yamekaa juu ya kabati yanakusubiri."

Akateremsha macho. Kwadada, halipo. Kwadada, halipo. Jana, juzi, mwezi uliopita, kila baada ya robo saa, miezi kumi na moja. Yeye alikuwa akizunguka madirishani kumuuliza Chande, kumbe muda wote huo kitu fulani nacho kilikuwa kikizunguka kumuuliza yeye, na wote wawili walikuwa wakipewa jibu lile lile.

Kwa nini hakuliona zamani? Kwa sababu swali hili halikuandikwa mara tatu kama mengine: lilipita kwenye mtandao wa ndani wa Idara ya Maadili, wakaliandika peke yao, katika daftari lao. Na mahali lilipotoka palitajwa wazi: jengo hili hili, ghorofa ya chini, stoo.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti. "Yupo hapa."

*

Alishuka ngazi mbio, viatu mkononi. Mlinzi wa stoo alikuwa Bwana Mbelwa, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekaribia kustaafu na kusahauliwa.

"Shikamoo, Bwana Mbelwa. Nani anakaa humu ndani?"

"Marahaba, mwanangu. Humu? Hakuna mtu. Vielelezo tu. Ingia utazame."

Ndani kulikuwa na rafu tangu sakafuni hadi darini, na kwenye rafu simu. Simu mia mbili na kumi na nne, kila moja imechomekwa kwenye chaji, kila moja imebandikwa karatasi yenye namba, bila jina. Zilikuwa kimya. Halafu, bila kuguswa na mtu, kioo cha moja kikawaka. Kikawaka cha pili. Zikawaka kumi, thelathini, chumba kizima kikapata mwanga wa buluu, kisha zikazima moja moja.

Bi. Sikudhani alirudi nyuma hatua moja.

"Usiogope," alisema Bwana Mbelwa. "Ndivyo zinavyofanya. Kanuni inataka kielelezo kiwe hai na kiwe na mtandao, ili wakubwa waone nani atakitafuta. Sasa hakuna anayezitafuta, ila zenyewe ndizo zinazotafuta. Zinauliza kwao. Mimi nimezoea. Zingine nazisalimia."

"Na wenyewe?"

Mzee akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Wenyewe hawakuletwa stoo, mwanangu. Mimi hupokea vitu tu."

Simu ya Chande ilikuwa rafu ya tatu, yenye ufa kwenye kona, ule ufa aliokuwa akisema atautengeneza kesho. Bi. Sikudhani aliiwekea kiganja juu. Ilikuwa ya moto. Akasimama hivyo mpaka ikawaka tena chini ya mkono wake, ikauliza, ikajibiwa, ikazima.

*

Namba iliyobandikwa kwenye simu ilimpeleka kwenye jalada. Sasa daftari lilikuwa moja, jalada lilifunguka bila shida, na hilo ndilo jambo la kusikitisha katika kazi iliyofanywa vizuri.

Kosa la Chande lilikuwa swali moja. Mtu aliyeketi Posta, mashine ya nne, Jumanne iliyofuata Sikukuu ya Kuishukuru Serikali, alikuwa ameuliza jina walikowapi, ukurasa uliokatazwa ambako watu walikuwa wakiandika majina ya ndugu zao waliotoweka. Daftari la Usikivu lilisema: saa 8. Wakatazama kitabu cha wageni cha Posta, nani alikuwa mashine ya nne saa 8? Chande Mkwizu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Zikalingana. Wakamfuata.

Bi. Sikudhani alisoma mara mbili. Mara ya tatu akasimama.

Kitabu cha Posta kiliandikwa na watu, na mtu wa Tulivani akiandika saa 8 ana maana ya saa nane mchana, baada ya chakula, jua likiwa limeinama kidogo. Daftari la Usikivu liliandikwa na mashine. Mashine haijui jua. Mashine huanza kuhesabu watu wakiwa wamelala, na ikiandika 8, mama wa Tulivani anachemsha chai na kusema saa mbili asubuhi. Kila mtu alijua. Na kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyesema.

Basi swali liliulizwa saa mbili asubuhi. Nani alikuwa mashine ya nne saa mbili asubuhi?

Hakuhitaji kufungua kitabu. Jumanne ile mtandao wa ofisi ulikatika. Mkuu wake alimtuma akaangalie kwa haraka, kutoka nje, kama ule ukurasa uliokatazwa bado umefungwa. Akaenda Posta. Akakaa mashine ya nne, karibu na feni. Akaandika walikowapi, akaona umefungwa, akarudi kazini. Mchana wakati wa chakula akampigia Chande: ukienda Posta kaa ya nne, ina feni.

Alikaa sakafuni kati ya makabati ya majalada. Hakulia. Alijiuma kiganja mpaka damu ikatoka. Mdogo wake alimezwa kwa swali la dada yake, na kwa kiti alichomchagulia yeye mwenyewe kwa mapenzi.

*

Asubuhi iliyofuata Kamati ilikuwa ikichagua rangi ya jalada la daftari jipya. Bi. Sikudhani alipiga moyo konde, akasimama.

"Waheshimiwa, safu ya Saa ni mbovu. Chini ya kichwa kimoja mmechanganya saa za watu na saa za mashine, tofauti yake saa sita. Wamekamatwa watu waliokaa kiti saa nane mchana kwa maswali ya saa mbili asubuhi. Chande Mkwizu hakuuliza kitu. Aliyeuliza ni mimi. Nipo hapa. Nichukueni mimi, mumwachie yeye."

Mjumbe wa Mipaka alirudisha andazi kwenye sahani.

Mheshimiwa Kalumbeta alifikiri muda mrefu, maana alikuwa mtu wa haki.

"Kamati inakushukuru kwa umakini wako," alisema. "Lakini ombi lako lina matatizo mawili. La kwanza: hatuwezi kumwachia mtu ambaye jina lake halipo. Tumwachie nani? Mlango ufunguliwe, atoke nani? Tutachekwa. La pili ni la kitaalamu zaidi. Kwa mujibu wa vichwa tulivyopitisha, swali moja lina mtuhumiwa mmoja. Swali hili tayari linaye. Nafasi imejazwa, Bi. Sikudhani. Hatuwezi kukukamata."

"Mheshimiwa, nakiri!"

"Unakiri vizuri sana. Ila hakuna safu ya kuandika."

Wakampa cheti cha utumishi uliotukuka, na siku mbili za mapumziko. Alitoka pale akiwa mtu huru, na nawaambieni, hakuna mtu aliyewahi kubeba mzigo mzito kuliko uhuru ule. Njiani watu walimsalimia, naye alishangaa kwamba wanamwona.

*

Siku mbili za mapumziko alizitumia stoo. Bwana Mbelwa alimletea kigoda, naye akakaa pembeni bila kuuliza. Simu zikawaka, zikazima. Bi. Sikudhani alikuwa na daftari mapajani, akinakili kila jina lililoulizwa: kwamama. chumbachauani. nyumbanikwababu. dukanikwasisi. Majina ya utani ya nyumba za watu, mia mbili na kumi na nne, nayo yote yalijibiwa kwamba hayapo.

"Nikikuuliza kitu utaniambia ukweli, Bwana Mbelwa? Wako hai?"

"Sijui, mwanangu. Wallahi sijui." Mzee alikaza uzi wa miwani yake. "Lakini wazee walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Asubuhi ya siku ya tatu Bi. Sikudhani alirudi mezani kwake. Kama karani wa vichwa alikuwa na ufunguo ambao hakuna mkubwa aliyewahi kuukumbuka: ufunguo wa kitabu chenyewe cha majina ya taifa. Namba za nyumba zile zilikuwa tayari kwenye majalada, serikali ilizikusanya kwa bidii. Akafungua kitabu. Akaandika kwadada, na mbele yake namba ya kisanduku kilicho juu ya kabati lake la vyombo. Kisha akaandika kwamama. Akaandika chumbachauani. Aliandika yote mpaka mkono ukafa ganzi.

Chini, stoo, Bwana Mbelwa aliziona simu zikiwaka zote kwa pamoja. Zikauliza. Safari hii hazikuzima.

Bi. Sikudhani alikimbia nyumbani na kanga begani. Taa ya kijani juu ya kabati ilikuwa ikipepesa kwa kasi. Akabonyeza kisanduku, na sauti ikatoka kati ya vikombe na sahani, sauti ya mtu anayetembea juani, mwenye haraka, mwenye furaha.

"Dada, nimemaliza Posta. Feni yenyewe mbovu, umenidanganya! Niko njiani nakuja. Usifunge mlango."

Hapo ndipo alipolia.

Siku ile katika mitaa yote ya mji tulivu watu walisimama majumbani mwao wakisikiliza. Kina mama waliacha sufuria zinaungua. Mtu mmoja alisikia mkewe akimkumbusha kununua chumvi. Mzee mmoja alisikia kijana wake akicheka tu, basi, anacheka. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamejaa getini kwa Idara ya Usikivu, hawapigi kelele, hawana mabango. Walinyoosha juu simu walizorekodia sauti zile, na sauti mia mbili na kumi na nne zikawa zinasema kwa pamoja: nakuja, niko njiani, nisubirini.

Mheshimiwa Kalumbeta alifunga madirisha. Sauti hazikupungua. Akaagiza daftari jipya liletwe mbele yake, akafungua mstari wa siku ile. Swali: kwadada. Jibu: jina lipo.

"Nani kajibu?" alifoka. "Nani kaidanganya mashine? Mtuhumiwa ni nani?"

Safu ya mtuhumiwa ilikuwa tayari imejazwa, kwa wino mweusi na mwandiko safi wa karani: Sikudhani Mkwizu. Na kwenye safu ya Saa, ili mtu mwingine asije akabeba kosa lake, alikuwa ameandika kirefu: saa mbili asubuhi, chai inachemka, jua limetoka.

Walimkuta nyumbani, mlango wazi. Alikuwa amepika. Aliwauliza jambo moja tu, kama watampeleka aliko Chande.

"Chande gani?" alisema mkubwa wao. "Jina hilo halipo."

"Sasa na langu halipo," alisema Bi. Sikudhani, akajifunga kanga vizuri. "Tutakuwa pamoja."

Simu yake ililetwa stoo mchana ule ule, imebandikwa namba 215. Kwenye kitabu cha majina walifuta yote mia mbili na kumi na nne waliyokuta yameandikwa upya, lakini kwadada kila wakilifuta lilirudi, na mafundi wakasema liacheni, lina kichwa chake. Bwana Mbelwa alisogeza simu za rafu ya tatu, akaiweka ile ngeni kando ya ile yenye ufa, akaichomeka kwenye chaji.

Baada ya robo saa ziliwaka zote mbili. Zikauliza nyumbani kwa dada ni wapi, na zikajibiwa.